Luhende Aliitwa Mara Moja

Enzi zetu mtoto aliitwa mara moja tu. Ninyi mliokwenda darasa la kwanza na kidumu cha maji mkono mmoja na fagio mkono wa pili mnajua ninachosema. Mama akisimama nyuma ya nyumba akataja jina lako, hata kama umo mtoni unaoga, hata kama mpira wa matambara uko miguuni mwako na goli liko wazi, uliitika, na miguu ikafuata sauti. Kuitwa mara ya pili kulikuja na fimbo ya mkwaju. Bibi yangu alikuwa na msemo wake: "Asiyemwitikia mama yake ataitikia fisi." Na kwa kuwa fisi tuliwasikia kila usiku nyuma ya zizi, hatukutaka kujaribu.

Siku hizo Simiyu haikuwa mkoa. Sisi tulihesabiwa watu wa Shinyanga, Wilaya ya Bariadi, na Lagangabilili hii mnayoiona leo na ofisi zake na magari yenye viyoyozi ilikuwa njia ya kupitishia ng'ombe. Mimi niliondoka huko na mfuko wa michembe, yale makaukau ya viazi vitamu, na kaptula yenye viraka juu ya viraka. Nimebeba zege Mwanza, nimebeba zege Dar es Salaam, jioni nimekaa darasani na watoto wa watu wenye saa mkononi, mpaka nikapata stashahada ya ujenzi kwa jasho langu, bila mjomba serikalini. Leo nimerudi. Nyumba yangu ina vigae mpaka jikoni, na wapita njia wasionijua huuliza kama ni zahanati. Ninayasema haya ili mjue kwamba anayewaandikia si mtu wa kushindwa na swali jepesi. Lakini kuna swali moja nimeulizwa tangu nirudi, limenikaa kichwani kama jiwe kwenye kiatu.

Swali hilo linamhusu Luhende, mtoto wa jirani yetu Mayu Kabula. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na sisi watoto wa kijiji kile tulimwita hivyo wote, maana chungu chake cha maziwa ya mgando hakikuuliza wewe ni wa nani. Mama huyo alikuwa na sauti. Nyumba yao ilikuwa juu ya mwinuko, na chini yake ni mbuga ya mpunga mpaka mtoni. Jioni akisimama pale akaita "Luhendeee!", wanawake wa kijiji cha ng'ambo walijua muda wa kubandika ugali umefika. Na kutoka mbugani, katikati ya ng'ombe, sauti ya Luhende ilijibu papo hapo: "Mayuuu!" Sikuwahi kusikia mwito ule ukakosa jibu. Ilikuwa kama kengele na mwangwi wake.

Luhende alikuwa mkubwa kwetu. Alipoingia jeshini pamoja na rafiki yake Jilala, sisi tulikuwa bado tunafutia kamasi mikononi. Ni ule wakati biashara zilipofunguliwa. Jana yake tulikuwa tunafua nguo kwa majivu kwa kukosa sabuni, leo yake dukani kuna sabuni za kunukia za rangi tatu, mitumba inamwagwa chini mnadani, na malori ya wanunuzi binafsi yanazunguka vijijini kugombania pamba ya baba zetu. Tulichanganyikiwa kwa furaha. Hatukujua vitu hivi vilikuwa vimejificha wapi siku zote.

Luhende alipokuja likizo mara ya kwanza alivaa buti zilizong'aa hadi ukaona meno yako ndani yake. Alimletea mama yake khanga na redio ya kaseti, sisi akatuletea peremende na amri. Alitupanga mstari, mabua ya mtama begani badala ya bunduki, akapita mbele yetu na mikono mgongoni.

"Kuruta, umekula nini leo?"

"Ugali na nsansa, afande!"

Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, mboga ya kila nyumba.

"Na jana?"

"Nsansa, afande!"

"Basi wewe ni mwanajeshi tayari. Sisi kambini tunakula maharage mpaka tunaota tumepanda kwenye mti wa maharage."

Tulicheka mpaka mstari ukavunjika, akatuadhibu kuruka kichura kuzunguka zizi. Vijana wa leo ukiwaambia waruke kichura wanauliza kama kuna posho. Sisi tuliruka na tukaomba tena. Kisha Mayu Kabula akaita kutoka jikoni, na yule afande mwenye buti, aliyetutisha muda wote, akaitika "Mayu!" akakimbia kama mtoto wa darasa la pili. Tulicheka zaidi.

Jilala ndiye aliyetangulia kufa. Tuliambiwa ni ajali ya gari, mbali, kusini huko. Ilikuwa masika, mito imefurika, akazikwa hukohuko kambini. Kilichofika nyumbani ni begi la nguo. Mama yake alilitandaza lile begi uani kila siku lipate jua, kana kwamba mwenyewe atakuja kulidai, mpaka naye akafa. Nadhani Mayu Kabula aliliona lile begi kila alipopita kwenda kisimani.

Zamu ya Luhende ilikuja msimu wa kuuza pamba. Tuliona vumbi la lori, na sisi watoto, kwa kuwa mwaka ule malori ya wanunuzi yalikuwa yakigawa kofia, tukalikimbilia tukipiga kelele: "Pamba! Pamba!" Tulikimbia pembeni yake mpaka uwanjani. Ndipo wakashuka askari wamebeba jeneza, nyuso wamezikunja, na hakuna aliyetupa kofia. Nilibaki nimenyoosha mkono. Sikujua niushushe vipi.

Kwetu marehemu huonwa. Hata mgeni aliyefia njiani hufunuliwa uso, watu waseme kweli ni yeye, ndipo aende. Mayu Kabula alimsogelea mkubwa wa wale askari, kijana tu, mwenye jasho kwenye mdomo wa juu.

"Baba, nifungulie nimwone."

"Mama, pole sana. Jeneza halifunguliwi. Ni amri."

"Nimemzaa mimi, hakuzaliwa na amri."

"Najua, mama."

"Basi fungua."

Wazee wakamzunguka Kabula, wakamwambia mwili umekaa siku nyingi njiani, jua kali, bora amkumbuke alivyokuwa. Mmoja alinong'ona kwamba ni ajali, mwingine alisema ni homa, mwingine kwamba ametupiwa jambo na watu wenye wivu na zile buti. Kila mtu alikuwa na kifo chake. Kabula aliketi chini. Jeneza likashushwa kaburini.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Askari walijipanga, wakaelekeza bunduki juu, wakapiga kwa heshima ya mwenzao. Hakuna aliyekuwa ametuonya, au tulionywa hatukuelewa. Ule ndio wakati wezi wa ng'ombe walikuwa wameanza kuja na bunduki, na kwetu mlio ule ulikuwa na maana moja tu. Ng'ombe walivunja zizi wakaelekea mbugani. Wanawake walitawanyika na watoto wa watu wengine mgongoni. Babu yangu, aliyetueleza miaka yote jinsi alivyoua simba kwa mkuki mmoja, tulimkuta baadaye chini ya mkokoteni, amekumbatia gurudumu.

Hayo hayakutosha. Sungusungu wa kijiji cha ng'ambo, wale walinzi wetu wa jadi, walisikia milio nao wakapiga yowe la wizi. Tukiwa bado tunatafutana, likatokeza kundi la wanaume likivuka mbuga mbio na pinde na mishale mkononi.

"Wezi wako wapi?" kiongozi wao alipaza sauti.

"Hakuna wezi! Ni msiba!"

"Msiba gani wa bunduki?"

"Msiba wa serikali!"

"Serikali imekufa?"

Askari nao walipoona pinde wakarudi nyuma. "Wekeni silaha chini!"

"Anzeni ninyi, ninyi ndio mlioanza kupiga!"

Wazee wetu walikimbilia katikati na mikono juu, wakisalimia pande zote mbili kwa pupa, "Mwadila! Mwadila!", salamu ya mchana, kana kwamba wamekutana mnadani. Ilichukua muda kueleweka. Hatimaye pinde zikarundikwa kando, na wale sungusungu, kwa aibu, wakaanza kulia msiba kwa sauti kuliko wafiwa. Hawakuondoka bila kula.

Tuliporudi kaburini tukamkuta Mayu Kabula. Katika kukimbia kote kule, yeye peke yake hakukimbia. Alikuwa ndani ya kaburi, amechuchumaa pembeni ya jeneza, kiganja juu ya mbao. Hakuwa akilia. Walimtoa juu, vumbi limemfika magotini, akashika udongo akatupia kama wengine. Mkubwa wa askari aliutazama mfuniko kwa muda mrefu, kisha akaamuru kufukia.

Mpaka leo ukikaa na watu wa rika langu watakwambia kila mtu lake. Yupo anayeapa kwamba alimfungua akamwona. Yupo anayesema alifungua akakuta mawe, na mwingine kwamba alikuwa kijana asiyemjua. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na macho, na sijui. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile Mayu Kabula hakumwita mtu kwa sauti tena. Wadogo zake Luhende aliwafuata mpaka walipo, akawagusa bega. Jioni mwinuko ule ulinyamaza, na wanawake wa ng'ambo wakaanza kuunguza ugali.

Niliporudi mwaka ule wa kumaliza nyumba yangu, nilikwenda kumwona nikiwa na futi yangu ya kupimia. Nilitaka kumjengea kaburi la mwanawe, zege na vigae vyeupe, kazi ya mtu aliyesomea, bure. Nilimkuta kaketi kivulini anachambua kunde.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Wewe ndiye mwenye ile zahanati?"

Nikamweleza. Akafurahi, akaniambia mvua inaula udongo, nijenge. Nikauliza jina niliandike vipi.

"Hapo pa jina subiri kwanza," alisema. Akaendelea na kunde zake, nami nikadhani amesahau. Ndipo akaniambia, bila kuniangalia: "Siku ile sikufungua. Misumari ilikuwa mingi na mimi nilikuwa na mikono tu. Niligonga ile mbao nikamwita. Mara moja, kama siku zote. Hakuitika."

Nikamwambia, kwa upole niliouweza, "Mayu, mtu akifa haitiki."

"Hilo nalijua hata bila stashahada. Nimezika wengi. Wale niliwaona uso, ndiyo maana sikuwaita. Huyu sikumwona, ndiyo maana nilimwita. Sasa niambie, wewe msomi. Alinyamaza kwa kuwa amekufa, au kwa kuwa si yeye?"

Niliuliza huku na huko. Nilimtafuta mstaafu mmoja aliyekuwa na Luhende jeshini, akaniambia ni yeye, hakuna shaka, jambo kama lile halikosewi. Nilirudi mbio kumpelekea Kabula jibu hilo kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Yeye alimwona?" akauliza.

"Aliambiwa, mayu."

"Na wewe?"

"Hapana."

"Basi tuko sawa sote. Jenga tu."

Nikajenga. Ndilo kaburi zuri kuliko yote upande ule, na watu hutoka mbali kuja kuona vigae. Mahali pa jina nimepalainisha vizuri, nimepaacha patupu. Wapo wanaodhani fundi alisahau, na kwa mtu wa sifa zangu hilo huniuma.

Enzi zetu jina moja lilivuka mbuga nzima na kurudi na mtu. Leo mwanangu yuko chumba cha pili, kuna ukuta mmoja tu kati yetu, tena nilioujenga mwenyewe, nami namwita chakula mara tatu, mara nne. Ameziba masikio kwa vile vidude vya simu, anatikisa kichwa peke yake kama ndama anayefukuza nzi. Zamani ningesimama mlangoni na fimbo ya mkwaju. Siku hizi akinyamaza nainuka mezani, nafungua mlango wake taratibu, namtazama uso. Huwa ananiuliza, "Vipi, baba?" Namwambia ugali unapoa.