Laurenti haanzi siku bila kumwambia Bi Zuhura

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na umande bado umelala juu ya mpunga wa Dakawa, Laurenti Banzi anapoegemeza baiskeli yake kwenye uzio wa Bi Zuhura Mwinyimvua na kupiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo unaanza na nini?"

Laurenti, mwenye umri wa miaka 39, anajibu akiwa amesimama. Kwanza atafungulia maji majaruba ya mpunga ya mfereji wa tatu na kuyasimamia mpaka yatosheke. Kisha ataondoa takataka zilizokwama kwenye kalvati. Mwisho ataonana na wakulima wa chini wanaolalamikia zamu yao.

"Na wa kukuvuta uiache kazi leo ni nani?"

Anafikiri kidogo. "Stefano. Pampu yake imegoma tangu jana."

"Utamwambiaje?"

"Nitapita jioni, nikishafunga maji."

Bi Zuhura, mjane wa miaka 67, anaitikia kwa kichwa. Anapokea simu ya Laurenti na kuichomeka kwenye waya wa umeme wa jua uliopitishwa dirishani. Itabaki hapo mpaka mchana. Mwenye dharura anajua kumpigia Bi Zuhura.

Laurenti ni mgawa maji. Ndiye anayefungua na kufunga milango ya chuma ya mfereji ili kila mkulima apate maji kwa zamu yake. Kazi hiyo humpa shilingi 200,000 kwa mwezi, tena msimu wa kilimo tu. Alizaliwa Matombo, milimani Uluguru, akashuka Dakawa akiwa kijana kutafuta vibarua vya mpunga. Huku ndiko alikomwoa Joyce na kupata watoto watatu.

Waliomfahamu walimsifu kwa jambo moja: hakatai mtu.

"Ukimwita, anakuja," anasema Joyce. "Shida ni kwamba alikuwa anakwenda kwa kila aliyemwita."

Misimu miwili iliyopita, tabia hiyo nusura imgharimu kazi. Bi Zuhura alikuwa amesia mbegu kwenye kitalu, na vichipukizi ndiyo vilikuwa vinaanza kuinua vichwa. Laurenti akafungua mlango ili udongo upate unyevu kidogo. Simu ikaita. Rafiki yake Stefano alikuwa ameanguka na pikipiki karibu na daraja.

Akaenda. Stefano hakuwa ameumia sana, lakini njiani kurudi, mkulima mmoja akamwomba amsaidie kuzibua mfereji wake. Alipomaliza, wengine wakamsimamisha kumuuliza habari za mbolea. Kote huko alisikiliza, akajibu, akashika jembe pale palipohitaji jembe.

"Sikuwa nimelewa wala sikulala," anasema. "Asubuhi nzima nilikuwa nasaidia watu. Ndiyo maana iliniuma zaidi."

Alipokumbuka mlango, kitalu kilikuwa kimegeuka bwawa. Mbegu zilikuwa zimesombwa na kurundikana kwenye kona moja, nyingine zimefunikwa na tope. Bi Zuhura alikuwa amesimama ukingoni, kanga imelowa mpaka magotini.

Kwenye mkutano wa wakulima, wengi walitaka Laurenti aondolewe. Bi Zuhura akaomba nafasi ya kusema.

"Mkimfukuza huyu mtaleta mwingine mwenye simu na marafiki kama yeye," aliwaambia. "Mwacheni. Ila kila asubuhi apite kwangu aniambie siku yake anaianza na nini."

Leo anakiri kwamba hakuwa na nia ya kumfundisha mtu kupanga kazi. "Nilikuwa na hasira. Nilitaka auone uso wangu kila siku kabla hajaenda popote."

Msimu ule wakulima wenzake walimchangia Bi Zuhura miche iliyobaki, Laurenti na Joyce wakampandikizia bila malipo. Hata hivyo alichelewa, akavuna magunia tisa tu mahali alipozoea kuvuna zaidi ya ishirini.

Asubuhi ya kwanza Laurenti alifika na mlolongo wa kazi usio na mwisho. Bi Zuhura alimsikiliza, kisha akamkatisha. "Hizo ni za watu watatu. Chagua utakazozimaliza." Swali la mtu wa kumvuta lilikuja baadaye, alipogundua kuwa kijana anapanga vizuri lakini anavurugwa na wanaompenda.

Kukataa watu kulikuwa na gharama yake. Wapo waliosema mgawa maji siku hizi anaringa. Stefano alinuna mwezi mzima.

"Nilikuwa naona aibu kumwambia mtu mzima subiri," anasema Laurenti. "Kwetu ukiitwa unaitika. Ikabidi nijifunze kuitika bila kuondoka."

Lakini msimu huu alipata mtihani ambao bado anauwaza. Alikuwa amefungulia maji miche iliyopandikizwa juzi yake, mkulima Hafidhi akaja mbio. Watu wawili walikuwa wameshikana kwa majembe wakigombea zamu.

"Laurenti, njoo, wataumizana!"

Laurenti akaanza kuzungusha mpini wa mlango, Hafidhi akimfokea, mpaka ulipofungika. Ndipo akakimbia. Alikuta wagombanao wameshaamuliwa, mmoja akivuja damu mkononi.

Kesho yake alimsimulia Bi Zuhura, akitarajia kusifiwa. Bi Zuhura akatikisa kichwa.

"Mpango ni wa kutusaidia watu, baba," alimwambia. "Siku nyingine wewe nenda, mlango mwachie aliyekuja kukuita aufunge."

Tangu hapo Laurenti amekuwa akiwafundisha wakulima kufunga milango. Hafidhi alikuwa wa kwanza.

Baada ya mavuno, Bi Zuhura atahamia kwa binti yake Kingolwira. Miguu haimruhusu tena kusimama kwenye tope. Amekubali kumkodishia Laurenti shamba lake, na kwa mara ya kwanza mgawa maji huyo atakuwa na mpunga wake mwenyewe. Furaha yake ina hofu ndani yake: atakuwa na kazi mbili, na hatakuwa na mtu wa kumuuliza asubuhi.

Amemwomba Joyce ashike nafasi hiyo. Joyce, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni mwa jiko, amekubali kwa sharti.

"Katika hizo kazi zake, kila siku kazi moja iwe ya hapa nyumbani," anasema. "Miaka yote hii amewahudumia watu wa mfereji. Na sisi ni watu."

Laurenti anacheka, kisha kicheko kinakatika. Anainua macho kwenye paa la jiko, panapoonekana mwanga kupitia tundu lililotobolewa na kutu.

"Jumatatu naanza na bati," anasema.

"Na wa kukuvuta?" anauliza Joyce, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo.