Marehemu Mwenye Afya Njema

Ofisini walimwita Desimali, na yeye hakuona tusi. Kazi yake ilikuwa kuiambia serikali, kabla haijanunua dawa au kifaa kipya, kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya utakaopatikana humo utagharimu kiasi gani. Kulikuwa na kikomo. Chini ya kikomo, serikali hununua. Juu yake, serikali husikitika. Nani alikiweka, na kwa hekima gani, hakuna aliyekumbuka, lakini kiliheshimiwa kuliko wazee wengi.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, dirisha likitazama matangi ya maji ya jengo la jirani. Humo, kwenye kompyuta, aliumba watu. Modeli ndivyo inavyofanya kazi: unatunga wagonjwa elfu moja wasiokuwepo, nusu unawapa matibabu ya zamani na nusu mapya, halafu unawasukuma mwezi baada ya mwezi, kutoka chumba cha wenye nafuu kwenda chumba cha mahututi, hadi chumba cha mwisho ambacho hakina mlango wa kutokea. Kisha unajumlisha. Ni kazi inayokaribia uungu, ila hii ina mkaguzi.

Mwaka huo mezani palikuwa na mifuko. Mtu ambaye figo zake zimekufa husafishwa damu kwa mashine hospitalini, akipata nafasi. Na nafasi haipatikani mpaka aliyeikalia aondoke, na mara nyingi haondoki kwa miguu yake. Mifuko ya maji ya dawa ni njia nyingine. Mgonjwa anawekewa mrija tumboni, anaingiza maji, yanakaa, yanabeba uchafu, anayatoa. Mara nne kwa siku, nyumbani kwake, kwa mikono yake. Wizara ilikuwa ikiigawa bure kwa majaribio. Sasa kamati ilitaka kujua: bima ya umma iilipie, au majaribio yafungwe?

Mmoja wa waliokuwa wakiitumia alikuwa kaka yake Desimali.

Hakulificha hilo. Kanuni zilimtaka mtaalamu ataje maslahi ya mke, mtoto au mshirika wa biashara. Kaka hakuwemo, nadhani zilitungwa na watu ambao kaka kwao ni mtu wa kutumiana kadi mwisho wa mwaka. Desimali alimwuliza mkurugenzi wake, naye akacheka. "Tukianza kuhesabu makaka, nani atabaki kufanya kazi hapa?"

Lakini huyu hakuwa kaka wa kadi. Baba yao alipofariki, kaka aliacha shule akaenda kujifunza ufundi wa makochi, na makochi hayo ndiyo yaliyompeleka mdogo wake chuo kikuu, kusomea kwa nini watu hawawezi kupata kila kitu.

Modeli ilitoka vizuri. Mifuko ilikaa chini ya kikomo. Si kwa mbali, lakini chini. Jumapili akaenda kwa kaka yake, akamkuta sebuleni amekaa kwenye kochi la mteja, maji yakishuka tumboni taratibu.

"Hesabu imekubali, kaka."

"Imekubali yenyewe au umeibembeleza?"

"Yenyewe."

"Afadhali. Nilishaanza kufikiria kuishonea hiyo kompyuta yako foronya."

Shemeji alipiga kigelegele kifupi, cha majirani wasisikie.

"Mwalimu angefurahi," kaka akasema.

"Mwalimu yupi?"

"Si yule mstaafu tuliyefundishwa pamoja naye kubadilisha mifuko. Tulimzika kabla ya mvua. Tumbo lilishika usaha. Kwani hamna habari huko?"

Huko walikuwa na takwimu, na katika takwimu za kliniki iliyowagawia mifuko hakuwa amekufa mtu hata mmoja.

Kosa lilikuwa jepesi kiasi kwamba asingeweza kulifanya mtu asiyesoma. Kliniki zilitoa taarifa ya waliofia kliniki. Watu wa mifuko hufia nyumbani. Ndiyo maana yenyewe ya kutibiwa nyumbani. Aliyeacha kuja kuchukua mifuko alihesabiwa kuwa hajafika, basi. Na Desimali alifuata desturi ya ofisi: asiyejulikana alipo, abaki kwenye chumba alimoonekana mara ya mwisho. Mwalimu alionekana mara ya mwisho akiwatania wauguzi. Kwa hiyo aliendelea kuwatania, mwezi baada ya mwezi, mwenye afya njema. Na kwa kuwa hakuchukua tena mfuko, hakugharimu chochote. Kwa mchumi, hakuna raia bora kuliko huyo.

Desimali akaanza kupiga simu kwenye nyumba za wote waliokuwa hawajafika. Mjane mmoja aliuliza kama wizara imepiga kutoa pole. Akasema ndiyo. Wizara ikawa imetoa pole.

Alipowahamishia waliokufa chumba cha mwisho, hesabu ilipanda ikavuka kikomo. Akahangaika. Akapunguza bei ya mifuko kadiri mwuzaji angeweza kuvumilia. Akaongeza nauli wanazookoa wasiokwenda hospitali. Akaongeza hata kazi ya mikono ya mgonjwa anayebaki nyumbani, ingawa alijua kamati haikubali makochi. Kila hila halali ilimsogeza karibu, na hakuna iliyomfikisha. Ikabaki moja isiyo halali, nayo ilikuwa rahisi mno: kutofanya chochote.

Alimwambia shemeji kwanza, nyuma ya nyumba, shemeji akianua nguo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Basi hakuna anayejua."

"Shemeji, mifuko ikisambazwa hivi hivi, bila mtu wa kuwafuata majumbani, watakufa wengi."

"Huyu wangu hajafa. Hao wengine una undugu nao?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote atakayoulizwa na kamati. Alishika kamba ya nguo, akaiachia, akaondoka bila kuaga.

Kwenye kikao alipeleka hesabu iliyosahihishwa. Mwenyekiti, daktari mstaafu mwenye sauti ya upole, alivua miwani.

"Kwa hiyo mifuko inaua?"

"Hapana, Mwenyekiti. Kinachoua ni kuwaacha peke yao. Tukiweka wauguzi wa kuwazungukia..."

"Hao wauguzi umewaweka kwenye hesabu?"

"Nimewaweka."

"Na?"

"Bado tuko juu."

Hapo akaomba. Muhtasari unasema alipendekeza, lakini aliomba, amesimama, mikono mezani: waliobaki kwenye majaribio waachiwe mifuko yao. Ni wachache tu. Wana familia.

"Ndugu yangu," Mwenyekiti akasema, na hakuwa na ubaya wowote, "si wewe uliyetufundisha kwamba humu hatuangalii sura za watu?"

Ni kweli. Alikuwa amewafundisha kwa picha na vishale.

Kamati ilikataa mifuko, ikaagiza iliyogawiwa itumike mpaka iishe, ikampongeza mtaalamu kwa uadilifu wake. Walipiga makofi.

Jioni hiyo hiyo alimweleza kaka yake kila kitu, pamoja na Mwalimu. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni ghali."

"Kidogo tu, kaka."

"Ningekuwa kochi ungenipunguza bei."

Walimwandikisha foleni ya mashine hospitalini. Muuguzi aliwaambia wasubiri simu, kwa uso wa mtu asiyependa kuahidi. Simu haikupigwa. Desimali akawa anapita kila alipotoka kazini, akijifanya ana njia huko, na siku moja aliyopita mchana alikuta mrija wa kaka yake umefungwa na hakuna kilichoning'inizwa.

"Wa mchana uko wapi?"

"Nimeuruka. Nikitumia mitatu badala ya minne, nafika mbali."

"Hufiki! Uchafu unabaki kwenye damu, maji yanapanda mapafuni, moyo..."

"Nabana matumizi, dogo. Si ndiyo kazi yenu?"

Alicheka peke yake. Miguu ilikuwa imeshavimba, ndala zimemwachia alama. Desimali alichukua mfuko kwenye boksi, akautundika. Kaka akautungua. Akautundika tena, na watu wazima hao wawili wakavutana mfuko wa maji kama watoto, mmoja akihema, mwingine akilia waziwazi, mpaka shemeji alipoingia akawanyang'anya, akaufungia kabatini na kuuficha ufunguo kifuani.

"Huu ni wa jioni," akasema.