Ekseli Aliyoichagua Shemeji

Meno yangu mawili ya mbele yalitolewa na shemeji yangu kwa spana namba kumi na tisa, mwezi wa pili baada ya kumzika mume wangu. Nilikuwa nimemuuliza ufunguo wa gereji uko wapi. Siku hizo nilidhani gereji ile ni yangu, kwa kuwa tuliijenga wawili, mimi na mume wangu, miaka ishirini na mmoja, yeye akichomelea mimi nikishika, kisha mimi nikichomelea yeye akishika. Shemeji alinijibu kwa spana. Wiki iliyofuata alinirudisha ndani kama kibarua wa kupanga vyuma chakavu, nikarudi. Nilikuwa na binti wa kulisha na sikujua kazi nyingine.

Watu walimwita Injinia. Alikuwa na kalamu nne mfukoni mwa shati na sikuwahi kumwona akiandika hata kwa moja. Alimchapa fundi rangi kwa mnyororo kwa kosa la kupiga mluzi. Alimpiga mke wake mpaka mwanamke akarudi kwao na sikio moja tu linalosikia. Binti yangu alipotimiza miaka ishirini na miwili, akiwa anaendesha vizuri kuliko wanaume wote pale, Injinia akamfanya mtu wa kujaribu magari.

"Wewe ni mwepesi," alimwambia. "Hata ukipinduka, gari haliumii sana."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, mkono mdomoni.

Ndipo akaja bwana mwenye machimbo ya mawe, tukimwita Kokoto. Alileta gari dogo alilotaka lipande njia ya machimbo yake, iliyochongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hewa tupu. Ekseli yake ya mbele, chuma kinachobeba magurudumu, ilikuwa imekufa, na zote tulizokuwa nazo uani zilikuwa pana kuliko njia. Ilibidi ichaguliwe moja, ikatwe, ipunguzwe futi nzima.

Zilikuwepo mbili za kufikiriwa. Moja ya lori, nene kama paja la ng'ombe. Nyingine ya pikapu kuukuu, ina kutu, hakuna wa kuitazama mara mbili. Nilichukua kamba yangu yenye mafundo, maana zile namba za kwenye futi haziongei na mimi, nikapima. Difu ya pikapu, ule uvimbe wa chuma unaobeba gia, ilikaa kushoto. Bomba la kulia lilizidi la kushoto kwa futi moja, fundo kwa fundo. Ukikata kulia, difu inakuja katikati, palepale gia boksi ya gari la Kokoto inapotolea nguvu. Pande zote mbili zinataka shafti fupi, ile fimbo ya ndani inayozungusha gurudumu, na nyuma ya choo tulikuwa na ekseli ya pili kama ile, shafti yake fupi ikiwa nzima. Hakuna shafti ya kuunga. Hakuna kubahatisha.

Halafu nikawasha grainda nikazigusa zote mbili. Pikapu ilirusha cheche ndefu, nyeupe, zinazopasuka mbele. Lori lilitoa cheche fupi nyekundu zilizofia pale pale kwenye diski. Hicho ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Ukikichomelea kinakubali usoni, kikipoa kinapasuka ndani.

Nilimwambia mbele ya mteja. "Shemeji, hii ya lori haikubali moto. Chukua ya pikapu."

"Nani kakuuliza?"

"Itakatika njiani."

"Bwana Kokoto, unamsikia? Jina lake hajui kuliandika, ananifundisha chuma!"

Kokoto aliipiga teke ile nene, akaridhika na mlio. "Mimi napenda kitu kinachojaza macho," akasema.

Alipoondoka, Injinia aliokota kipande cha shafti akanipiga nacho mbavuni. Nilisikia kitu kikivunjika ndani yangu kama kijiti. Akainama karibu na sikio langu. "Ukifungua mdomo tena, huyo mwanao ataliendesha bila breki."

Alikata ile ya lori na kuichomelea mwenyewe siku tatu, akapaka rangi nyeusi juu ya mshono. Jioni ya siku ya tatu binti yangu akaja na sahani yake.

"Baba mdogo kasema kesho asubuhi nalipandisha machimboni."

"Hulipandishi."

"Mama, nikikataa atakupiga wewe."

"Anipige."

"Atakuua. Nitakwenda polepole."

Kwenye njia ile polepole haisaidii. Ekseli ikikatika, gurudumu likalala kuelekea kwenye hewa, umekwisha.

Asubuhi gari lilikuwa uani linanguruma, binti yangu juu yake, Kokoto pembeni na wafanyakazi wake wawili. Nilitoka stoo na nyundo ya kilo saba.

"Zima, mwanangu."

Bampa lilikuwa halijafungwa, ekseli ilikuwa wazi. Pigo la kwanza lilirusha rangi tu. Kabla sijainua tena, wili spana ya Injinia ilinishukia begani. Mtulinga ulikatika, mkono wa kushoto ukaning'inia. Injinia aliinua tena, safari hii akilenga kichwa. Niligeuka na nyundo kwa mkono mmoja, nikaiacha ijizungushe kwa uzito wake. Ilimpata gotini. Sitasema kwamba niliteleza. Alianguka akilia kama mbuzi, na kalamu zake zikamwagika kwenye oili.

Nilijaribu kuinua nyundo nikashindwa. Binti yangu alikuwa ameshuka. Alishika mpini chini ya mkono wangu.

"Wapi, Mama?"

"Kwenye mshono."

Tulipiga pamoja. Ekseli ikakatika kama mhogo na gari likapiga magoti mbele ya mwenyewe.

Kokoto alichuchumaa, akapitisha kidole pale palipokatika. Ndani kulikuwa na punje za kijivu kama chumvi ya mawe, na ule uchomeleaji ulikuwa ngozi tu juu. Alitazama upande wa mlima, kisha akamtazama yule aliyelala chini.

"Injinia, huyu mtoto ulikuwa unampeleka wapi?"

"Gari! Wamevunja gari!" ndivyo alivyojibu.

Ukoo wa mume wangu ulikaa ukaamua kwamba nimemlemaza mtoto wao. Gereji ikaandikwa jina lake, na mimi nikapigwa marufuku hata kupita mtaa ule. Hakuna aliyeuliza habari za mbavu, wala za meno. Bega langu liliunga vibaya, limeshuka chini kuliko lenzake, na siwezi tena kushika mashine. Binti yangu anaendesha gari la mizigo mji mwingine.

Siku ile ya nyundo, tukiwa kwenye benchi la zahanati, alikuwa amenifungia mkono kwa kanga yake.

"Mama," alisema, "tuseme isingekatika?"

"Tungepiga tena."

"Na tena isikatike? Na yeye ameinuka?"

"Basi tungempiga yeye kwanza, halafu turudi kwenye chuma."

Muuguzi akaita anayefuata. Binti yangu akanishika kiunoni, upande usio na mbavu mbovu, akaniinua.