Toa Kwanza, Ndipo Uniambie Umeshinda

Siku ile tuliyokwama Kigongo tukisubiri kivuko cha Busisi naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyoolewa, na marehemu mume wangu anisamehe. Mwanangu, wewe unayepita darajani kwa dakika chache hujui foleni ya kivuko ilikuwaje. Magari yalijipanga mpaka huko nyuma, abiria tukashuka, wenye njaa wakanunua samaki wa kukaanga, na waliochoka kukaa wakatafuta cha kutazama. Wenye karata tatu walikuwa wanatungoja sisi sisi.

Nilikuwa msichana bado, nimefuatana na mama mkubwa aliyekuwa anapeleka mzigo wake wa dagaa Sengerema. Jamaa mmoja alikuwa amelifudikiza boksi chini, anazihamisha karata tatu juu yake haraka haraka, na kazi yako ni kuonyesha ile nyekundu iko wapi. Nikaweka hela yangu ya chakula. Nikaonyesha, ikawa ndiyo yenyewe! Nilipiga vigelegele mpaka watu wa magari ya nyuma wakaja kuangalia kuna nini.

Katika waliokuja alikuwamo baba mmoja aliyetoka kuuza ng'ombe mnadani, anarudi kwake ng'ambo na pesa ya kuezekea nyumba. Alisema kwa sauti, tukimsikia wote, kwamba kama kabinti kale kameweza, yeye hashindwi. Akaweka kidogo, akakosa. Akaweka zaidi ili aikomboe ile ya kwanza, akakosa tena, na hakuacha mpaka mfuko ukawa mtupu. Kisha akakaa chini penye tairi la lori.

Mama mkubwa alinishika mkono. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele, na ndiyo maana nilimwogopa.

"Unacheka nini wewe?"

"Nimeshinda, mama."

"Hujashinda kitu. Wamekulipa ujira wa kuwaitia yule baba pale. Nenda kampe hiyo hela."

Nikaenda, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili. Akapokea, akaniombea heri, akainuka, halafu akarudi moja kwa moja kwenye boksi. Ikaliwa na hiyo. Kivuko kilipokuja tulivuka na mama mkubwa, yule baba akabaki upande ule, na sikujua alifikaje kwake. Nilimwona mjinga siku ile. Leo namhurumia, maana nimeona vijana wenye akili nyingi kuliko yeye wakifanya vile vile, wamekaa kwenye kochi.

Mmoja wao ni wa kwangu. Juzi mjukuu wangu Masalu, anayesoma chuo Nyegezi, alikuja na shikamoo tamu kuliko kawaida yake. Nikajua kuna jambo. Akataka niuze yule mtamba tuliyemtenga kwa ajili ya mahari yake. Eti ameshinda pesa nyingi kwenye kasino ya mtandaoni, ila zimefungwa, mpaka aweke nyingine kidogo acheze ndipo zifunguke. Nikamsimulia habari za Kigongo. Akacheka.

"Bibi, hii siyo karata tatu. Ni kompyuta, haina mkono wa kuficha karata. Halafu wana leseni."

"Sawa. Basi toa, hapa hapa, nione."

Akabonyeza. Akasoma. Akabonyeza tena, uso unabadilika.

"Inasema lazima nicheze kwanza mara nyingi ile bonasi, pesa waliyoniongezea nilipojiunga, ndipo nitoe."

"Na ulipokuwa unaweka, walikwambia usubiri?"

"Hapana, bibi. Kuweka ni papo hapo."

"Masharti yao uliyasoma?"

"Ni marefu mno."

"Kayasome, muda unao. Ng'ombe haondoki zizini."

Alikasirika, akasema sielewi mambo ya kisasa. Kweli mengi siyaelewi. Lakini mlango wa kuingia ukiwa mpana na wa kutokea ukiwa na masharti, sihitaji shahada kujua mwenye nyumba anataka nini.

Mwanangu, sitakudanganya kwamba wote wanaoendesha michezo hiyo ni wezi. Wapo wenye leseni wanaofuata sheria, na ukishinda wanakulipa. Wapo pia matapeli wasiojulikana hata wanakaa wapi, ukiwadai wanazima simu. Ila shika hili: hata yule mkweli kabisa ameupanga mchezo wake ili, wachezaji wote wakijumlishwa, yeye abaki na chake. Hahitaji kukuibia. Anahitaji tu usiondoke. Kwa hiyo ukiniuliza kama wanatenda haki, nitakwambia wengine wanafuata kanuni zao vizuri sana, na kanuni hizo wamezitunga wenyewe.

Basi sikiliza. Usiweke humo ada, wala kodi, wala kitu kilichotengwa kwa jina la mtu mwingine. Usifukuze kilichopotea, kiache kiende. Pesa unayoiona kwenye skrini na huwezi kununulia hata chumvi usiiite yako. Wakikuonyesha mshindi anarukaruka kwenye tangazo, jiulize yeye anamwita nani. Na kama umekwishazama na huwezi kuacha peke yako, mwambie mtu wa nyumbani leo, kabla hujaja kuomba ng'ombe. Hatutakucheka.

Masalu aliondoka amenuna, uji wangu hakuugusa. Na anune. Mtamba yuko zizini, na siku ya kumpeleka ukweni ikifika na Masalu bado amenuna, tutampeleka bwana harusi akiwa amenuna hivyo hivyo.

Mungu akupe usingizi mzuri, mwanangu, jasho lako likufikie wewe na watoto wako, na wanaokupenda wasichoke kukukatalia.