Jiwe la Mama Habiba Lilivyolinda Kazi Yangu Wajir

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpishi Mkuu wa mesi ya polisi Garissa hakunipa kisu wala sufuria. Alinionyesha jiwe la kusagia. "Kijana, huyu ndiye bosi. Mimi ni msaidizi wake tu." Nikasaga bizari mpaka nikaota mabega ambayo sare za serikali zilishindwa kuyafunika.

Ninyi mnaobonyeza kitufe mashine ikalia ngrrr, hamjui utamu wa jiwe. Mashine hukata, jiwe hukamua. Iliki niliyosaga Garissa ilinukia hadi Takaba, ngamia wa huko wakageuza shingo. Jiwe likiwa laini tuliligonga kwa ncha ya chuma lipate meno, yaani vijishimo vya kushika punje. Na sharti liwe jiwe jeusi, gumu. La chokaa usiliguse.

Basi wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, nikahamishiwa Wajir, na Wajir nzima ni chokaa. Kila nilichosaga kilitoka na changarawe. Bwana Inspekta, mkubwa wa kambi, akila wali alisikika hadi nje kama punda anayetafuna kokoto. Akaniita.

"Mpishi, Alhamisi Bwana Mkubwa wa mkoa anakula hapa. Akiuma changarawe hata moja, utaondoka na lori litakalomleta."

"Kwenda wapi, Afande?"

"Kwenu. Bila kazi."

Jiwe jeusi nililijua moja tu, la Mama Habiba, mjane aliyeuza chai karibu na visima. Marehemu mama yake alilileta kwa ngamia kutoka upande wa Marsabit. Nikaenda kuliazima.

"Wallahi wewe umebigwa na jua," akacheka, maana kila p kinywani mwake iligeuka b. "Jiwe ya mwanamke haitoki nyumba bila mwenyewe. Ukitaka jiwe, beba na mimi."

Alhamisi asubuhi tukafika lango la kambi, mimi na jiwe kichwani, yeye na lile jiwe dogo la kushika mkononi wakati wa kusaga. Koplo wa zamu akatuzuia. Siku hizo kila mzigo mzito ulishukiwa kuwa bomu.

"Kuna nini ndani?"

"Ndani ya jiwe?" nikauliza.

"Ndiyo!"

"Jiwe," akasema Mama Habiba. "Ukienda ndani zaidi, bado jiwe."

Koplo akalizuia likaguliwe. Tulipoitwa kulichukua, liling'aa kama buti la gwaride. Koplo alikuwa mtu wa nidhamu: chochote kilichokaguliwa mikononi mwake alikipaka mafuta ya bunduki.

Jiwe lile lilikuwa na vitundu, na mafuta yalishaingia. Mama Habiba akalinusa, akamtazama Koplo kama mbuzi wa Idi.

"Umeogesha jiwe ya mama yangu na dawa ya bunduki? Haya, biga magoti! Wewe na askari yako yote!"

Dawa ya jiwe kama hilo ni kusaga mahindi na majivu, kutupa, kisha kusaga tena mpaka unga utoke bila harufu. Walinzi wakapokezana, bunduki zimeegemezwa ukutani, jasho likitiririka mpaka nikaogopa mafuriko. Mama Habiba alikaa juu ya debe. "Saga na mgongo, Koblo, si na mdomo! Bibi harusi ya jana anakushinda!"

Bwana Mkubwa akafika, langoni hakuna mtu. Akafuata kelele hadi jikoni, Inspekta nyuma yake amegeuka rangi ya jivu. Mimi nilishafungasha virago moyoni.

"Hawa wanafanya nini?" akauliza.

Kabla Inspekta hajafungua mdomo, Mama Habiba akajibu: "Wanachunga meno yako, mzee."

Jiwe likasafika, nikasaga viungo, pilau ikaiva na kupakuliwa. Tukabandika masikio mlangoni kusikiliza changarawe. Kimya. Kisha kijiko kikasimama.

"Inspekta, pilau hii ina harufu ninayoijua tangu nikiwa kuruta. Sijui ni ya nini."

"Viungo vya huku, Afande."

Akaongezewa sahani, akaongezewa tena. Lori likaondoka bila mimi. Inspekta alitaka kununua lile jiwe. Mama Habiba alilifunga kwenye shuka akaenda zake, na Koplo akampigia saluti.

Nilipika serikalini mpaka nikastaafu kwa heshima. Sasa nina jiwe langu jeusi jikoni. Wajukuu wanalalamika kwamba limechukua nafasi ya friji. Nimewaambia friji itafute pengine pa kukaa.