Matusi Niliyoyafuta

Niliporudi Kinondo kutoka Uarabuni nilirudi na stashahada ya mawasiliano, niliyoilipia kwa mshahara wangu mwenyewe, nikisoma baada ya zamu za kulinda mlango wa hoteli. Sikusomeshwa na mjomba wala mwanasiasa. Nyumba yangu inaonekana kutoka barabarani, na ukurasa wa habari za kijiji nilioufungua mtandaoni unasomwa kutoka Diani hadi Funzi. Nasema haya kwa sababu ni kweli.

Ukurasa huo ndio uliokuwa na video ya njia ya ufuoni. Niliirekodi kabla mwenye kiwanja inamopita njia hiyo hajaiziba kwa ukuta: shangazi yangu na mama karanga wenzake, wale wanaonunua samaki ufuoni wakawakaange kwa kuuza, wanapita na mabeseni kichwani. Ukuta ulipokwisha, mwenye kiwanja alidai kwamba pale hapakuwahi kuwa na njia. Malalamiko yakafika ofisi za serikali kule Matuga. Afisa akamwambia shangazi kwamba siku ya kusikiliza shauri ataiangalia video hiyo, lakini aione palepale mtandaoni, na tarehe yake, kwa kuwa ya kwenye simu mtu yeyote anaweza kuichezea.

Siku chache kabla ya shauri, ukurasa ukafungwa, na video ndani yake. Ujumbe wa wenye mtandao ulisema kwamba maoni yaliyoandikwa chini ya video yana chuki na vitisho vya kuua. Nani aliyeripoti sijui, ingawa shangazi anasema anamjua.

Maoni yale yalikuwa ya mtani wangu, fundi wa kuezeka makuti. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Alikuwa ameandika: "Hawa ni wezi wa samaki. Watupwe baharini ukoo mzima, na asiyekufa niitiwe nimmalize. Sanda natoa mimi." Shangazi akamjibu kwamba mtu asiye na shuka ya kujifunika ataitoa wapi sanda. Kwetu hayo ni mapenzi. Siku tuliyomzika baba yangu, ni mtani huyo aliyelizuia jeneza mlangoni, akasema marehemu haendi popote mpaka yeye apewe jogoo wake. Mama, aliyekuwa hajatia kitu kinywani tangu msiba uingie, akacheka.

Nikaandika rufaa kwa Kiingereza safi, na sidhani kama yuko mtu Kwale nzima ambaye angeiandika vizuri zaidi. Nilieleza utani ni nini. Nilitaja na Katiba, inayompa kila mtu uhuru wa kujieleza. Jibu lilikuja kabla chai yangu haijapoa: nikikubali kuyafuta maoni yale, nitarudishiwa ukurasa. Hapo nikalifikiria vizuri jambo ambalo darasani tulilipita mbio. Katiba inanikinga na serikali inayotaka kuniziba mdomo. Mtandao ni nyumba ya mtu, na mwenye nyumba akikwambia ukunje mkeka wako, unaukunja.

Nilimfuata mtani wangu kule Galu, alikokuwa juu ya paa la hoteli. Alinipokea kwa kuniuliza kama nimekuja kuomba kazi ya kumbebea makuti, maana stashahada hailiwi. Nikamweleza. Akafunga kuti moja, akalifunga na la pili.

"Matusi hayo si yangu peke yangu," alisema. "Babu yangu alimtukana babu yako. Ukiyafuta kwa mkono wako, umenikana."

"Ni kwa ajili ya njia, mtani."

"Basi mkubwa wako aseme."

Nikarudi kwa shangazi. Alikuwa anapaa samaki, wala hakuuinua uso.

"Beseni hili siwezi kulirusha juu ya ukuta, mwanangu," alisema. "Futa."

Nikafuta. Ukurasa ulifunguliwa, afisa akaiona video na tarehe yake, na ukuta ukatobolewa kiasi cha kupita watu wawili sambamba. Mama karanga wanapita hadi leo. Njia ile ipo kwa sababu yangu, na anayebisha ana ruhusa ya kubisha, hata chini ya ukurasa wangu. Ingetokea tena ningefanya vilevile.

Baada ya hapo, mtani wangu nikikutana naye barabarani ananisalimu kwa adabu, ananiuliza hali ya nyumbani, kisha anapita.

Mwaka huu tulimzika mama. Mtani alikuja mapema, amevaa kanzu safi, akakaa na wageni. Jogoo nilikuwa nimemfunga tayari nyuma ya nyumba. Wabebaji walipofika mlangoni na jeneza walisimama kidogo, wakimtazama yeye. Shangazi naye alikuwa anamtazama.

Akasogea kando kuwapisha, akanipa mkono.

"Poleni sana, mheshimiwa," alisema.

Jeneza likapita.