Lenzi Ndefu ya Kumpigia Mkwe Picha

Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la Kafia pale Garsen, na Gershom alikuwa na kibanda chake cha picha ukuta kwa ukuta na mimi. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyasikia kwa watu. Mengi niliyaona, na mengine nililazimishwa kuyapima kwa futi yangu mwenyewe ya kushonea.

Gershom alikuwa Mpokomo wa Ngao, mrefu, mkimya kila mahali isipokuwa nyuma ya kamera. Hapo alikuwa mkali kuliko karani wa mahakama. "Nyosha shingo! Usicheke! Mkono huo si wako?" Kamera aliipata mwaka 1953 kwa bwana mmoja wa kupima mto ambaye alimtumikia misimu miwili. Ilikuwa ya Kijerumani, ndogo na nzito, na juu ya lenzi, pembeni kidogo, ilikuwa na kidirisha. Mpiga picha alitazama kwa kidirisha hicho, si kwa lenzi. Ukichungulia, mtu mmoja anaonekana wawili, mmoja amemwegemea mwenzake, nawe unazungusha lenzi polepole mpaka wale wawili waingiane wawe mmoja. Hapo ndipo unabonyeza.

Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi nilimshonea mkoba wa turubai bure, na nilipotaka kuitia kamera ndani nione kama inakaa vizuri, alininyang'anya. "Fundi Bishar, vidole vyako vina mafuta ya cherehani." Hata mkewe Jumwa, aliyemzalia watoto wanne, hakuwahi kuisogeza kutoka pembe moja ya meza hadi nyingine.

Jumwa alikuwa Mgiriama wa Minjila, na mama yake aliitwa Pekeshe. Kwa watu hao, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Sisi Wasomali nasi tunamheshimu mkwe, lakini hatuingii majini. Gershom aliingia. Wakati wa mafuriko alimwona Pekeshe akija juu ya tuta, tuta jembamba, maji kulia na maji kushoto. Akashuka kulia mpaka kifuani, kamera kichwani, akageuza uso akasubiri. Bibi alipita taratibu, maana alikuwa amebeba kuni.

"Hujambo, mkwe," akamwambia kisogo chake.

"Sijambo, mama," Gershom akayajibu maji.

Mwaka 1957 mto ulikula shamba la Pekeshe, na kaka yake Kadenge akaamua kumrudisha kwao Marafa mara mpunga uliobaki utakapovunwa. Siku habari zilipofika, Jumwa alikuja akasimama mlangoni mwa kibanda, na ukuta wetu ulikuwa wa udongo mwembamba.

"Baba Buya," alisema, "baba yangu alikufa bila picha. Sasa nikifumba macho naona mkongojo wake tu, uso umenipotea. Mama akienda Marafa, hatarudi, na mimi na watoto hawa hatuendi huko kila siku. Nataka picha yake."

"Nitampigaje, Jumwa? Ni mkwe wangu."

"Umempiga kila mtu Garsen. Hata fahali la Abduba umelipiga."

"Fahali si mkwe."

"Basi nipe mimi kamera, nimpige mwenyewe."

"Kamera si mwiko wa ugali."

Jibu hilo lingemlaza njaa mwanamume mwingine siku tatu. Jumwa alimtazama tu, akaenda zake, na mimi upande wangu nilikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Nasema wazi: taabu yote iliyofuata ilitokana na mtu kukataa kumpa mkewe kitu cha kubonyeza kwa kidole.

Kwanza Gershom alikwenda kwa Mzee Kadenge kuuliza umbali wa heshima ni kiasi gani. Kadenge alifikiri, akasema hatua ishirini. Basi Gershom akasimama hatua ishirini kutoka mlangoni kwa mkwe, akapiga kwa lenzi yake ya milimita hamsini, ambayo ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akarudi akaisafisha. Picha ilionyesha nyumba, ghala, mbuzi wawili, anga nyingi sana, na kwenye kivuli cha mlango kitu kimoja cheusi kama kifungo cha shati.

Jumwa aliigeuza huku na huku. "Huyu ni mama au ni kinu?"

Tuliichungulia sote watatu. Kilikuwa kinu.

Hapo ndipo Gershom alipotoa orodha ya vifaa kutoka duka moja la Mombasa na kunieleza kwamba anahitaji lenzi ya pili, ndefu zaidi. Zilikuwa mbili za kuchagua. Ya tisini ingemfanya mtu wa hatua ishirini aonekane kama yuko hatua kumi na moja. Ya mia na thelathini na tano ingemleta mpaka saba na ushei. Yeye alitaka ile ndefu, na sababu yake ilikuwa ya Kipokomo kabisa: aliichagua kama anavyochagua pondo la kusukumia mtumbwi.

"Fundi, pondo fupi likikukuta kwenye kina, utafanya nini? Lakini refu unaweza kulitumia hata kwenye maji ya magoti."

Nikakubali. Mimi na maji hatuelewani.

Lakini Minjila hakuna siri. Habari zilimfikia Kadenge kwamba mkwe anaagiza kioo cha kumvuta Pekeshe karibu, na Jumapili tukaitwa. Mimi niliitwa na futi yangu, kama shahidi wa vipimo. Tuliketi uwanjani, wanaume watano, wazee wawili wenzake Kadenge wakiwemo, na Jumwa. Pekeshe mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, akilifuata shauri lake neno kwa neno.

"Hatua saba," Kadenge akaanza. "Hatua saba ni mlangoni. Mkwe akifika mlangoni, huyo si mkwe tena, ni mgeni wa chakula."

"Mzee, ni picha tu itakayokuwa karibu. Mimi nitakuwa palepale pa ishirini."

"Miguu yako itakuwa ishirini. Macho yako yatakuwa saba. Heshima inakaa miguuni au machoni?"

Wale wazee wengine wawili waliguna kwa kuridhika. Mmoja akasema ile ya tisini angalau ina adabu, kwani kwenye hatua kumi na moja mtu anaweza hata kukohoa bila kumsumbua mkwe. Karibu waamue hivyo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Minjila, lenzi ilikuwa inachaguliwa na baraza la wazee, na wazee walikuwa wanaelekea kwenye ya tisini.

Gershom akasimama. Akaitoa kamera mkobani, akaishika kidogo kama mtu anayeaga, akampa Kadenge mkononi. Nilishika ndevu zangu. Sikuwahi kuona kamera ile ikishikwa na mkono mwingine.

"Chungulia kwenye kidirisha, mzee. Mtazame Fundi Bishar. Sasa ziba lenzi kwa kiganja."

Kadenge akaziba. Akachungulia. Akaitazama kamera kwa nje, akachungulia tena.

"Namwona fundi," akasema polepole. "Mkono wangu umeziba kioo na bado namwona fundi. Na yuko mbali vilevile."

"Ndivyo ilivyo, mzee. Jicho langu halipiti kwenye lenzi. Hata ikiwa ndefu kama mnazi, mimi nitamwona mkwe wangu mbali, kama nimwonavyo siku zote. Filamu ndiyo itakayomwona karibu."

Walinong'onezana. Kisha Kadenge akatoa hukumu ambayo mpaka leo naiona nzuri kuliko nyingi za mahakamani: "Jicho la mkwe lina njia yake na lenzi ina njia yake. Sisi hatukuiozesha lenzi binti yetu. Iagizwe hiyo ndefu."

Gershom alikuwa bado anatabasamu Pekeshe aliposema kutoka nyuma ya ukuta.

"Na karatasi? Uso wangu ukishakuwa kwenye karatasi, nani atauona wa kwanza?"

Gershom akakuna shingo. "Anayesafisha picha ni mimi, mama," akaliambia ghala.

"Basi haipigwi," akasema Pekeshe.

"Nitasafisha mimi," akasema Jumwa.

Wote tukamgeukia Gershom. Alikuwa ameipata lenzi, na sasa alitakiwa kutoa kibanda chake, sinia zake, dawa zake, vyote. Namjua mtu yule. Alitamani kukataa. Akamtazama Jumwa, na Jumwa hakuinamisha macho, wala hakubembeleza.

"Sawa," Gershom akasema. "Atasafisha yeye."

Lenzi ilichukua wiki tatu kufika. Katika wiki hizo Jumwa alifundishwa, na kwa kuwa mwalimu hakutaka kuharibu filamu mpya, mwanafunzi alifundishiwa picha ya fahali la Abduba. Alilichapa fahali mara tisa. Mara ya kwanza lilitoka jeusi tii. Mara ya nne Jumwa alikuwa anajua zaidi ya alivyotakiwa kujua, akaanza kumwambia mumewe kwamba dawa yake ya kwanza imechoka. Nilisikia ukutani Gershom akikana, kisha nikamsikia akiimwaga.

Lenzi ilikuja kwa basi la Malindi, ndani ya mkebe uliojazwa pamba. Siku iliyofuata tulikuwa Minjila asubuhi. Mimi nilipima zile hatua ishirini za Kadenge, yeye akitembea na mimi nikifuata na futi, na kila Gershom alipomwomba afupishe hatua, mzee alizirefusha. Pekeshe alitoka akaketi kwenye kigoda, hando lake, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, limekaa vizuri, leso mpya mabegani. Akaikabili kamera moja kwa moja.

"Ninatazama kioo," akatangaza kwa wote. "Kimesemwa si mkwe."

Gershom akachungulia, akamwona mkwe wake amemwelekea, na mazoea ya miaka kumi na moja yakamvamia. Aligeuza uso na kidole kikabonyeza. Hiyo ya kwanza ikawa ya ghala. Kadenge akamkemea. Akarudi kidirishani, na sasa jasho likaanza kumtiririka, kwa sababu mle ndani aliwaona wakwe wawili. Mmoja tu alikuwa amemshinda muda wote huo! Alizungusha lenzi, wakaachana zaidi. Akazungusha upande wa pili, wakasogeleana, wakaingiana.

"Mama, usitikisike," akasema. Ilikuwa amri ya kwanza aliyowahi kumpa.

"Mimi sitikisiki. Ni wewe unayetikisika," Pekeshe akajibu, na hapo ndipo Gershom alipobonyeza.

Kibanda hakikuwa na umeme, kama Garsen nzima. Taa ya kukuzia picha ilikuwa jua. Ukutani kulikuwa na tundu, na mtu wa nje alilimulika kwa kipande cha kioo cha kujitazamia huku wa ndani ameweka karatasi yake, mlango umefungwa na kitambaa chekundu kimetandwa dirishani. Kila siku Gershom alikimbia nje na ndani peke yake. Siku hiyo alikaa nje na kioo, Jumwa akawa ndani.

"Hesabu kumi na mbili!" akapiga kelele. "Sasa itie kwenye dawa! Itikise! Usiiache! Jumwa, imetokea?"

Akaweka sikio mlangoni.

"Jumwa? Imeungua?"

Niliacha kushona. Kupitia ukutani nilimsikia mwanamke yule akilia, si kwa sauti, kama mtu anayelia akiwa na kazi mikononi. Kisha akasema, "Anacheka, Baba Buya. Mama anacheka. Macho yake yote yapo." Gershom alisimama juani ameshika kioo, na mwanga ukamulika paa la duka la Kafia, wala hakukumbuka kukishusha.

Jioni Jumwa alimpelekea mama yake picha. Pekeshe aliitazama akasema, "Mbona nimezeeka hivi na hamkuniambia?" Kisha akauliza, "Na ya mumeo iko wapi?"

"Ya nini, mama?"

"Miaka kumi na moja najua mgongo wake tu. Wakati wa posa walikuja wazee, yeye sikumwona, na tangu hapo kila nikija anaruka kichakani. Kama karatasi haina mwiko, basi hata mimi nataka karatasi."

Kwa hiyo ilibidi Gershom apigwe picha, na Garsen nzima ilikuwa na mpiga picha mwingine mmoja tu. Nilimtengenezea kola. Aliketi kwenye kiti chake cha wateja, hajui mikono aiweke wapi, akaanza kutoa maelezo ya kidirisha, ya jua, ya pumzi.

"Nyamaza," Jumwa akamwambia akiwa amechungulia. "Unatikisa mdomo."

Akanyamaza. Jumwa akazungusha lenzi ya hamsini, hatua mbili kutoka usoni pake, akabonyeza mara moja tu.

Pekeshe aliondoka Alhamisi kwa basi la Malindi. Gershom alikuja kuaga kama desturi, yaani alisimama upande wa pili wa basi, nami nikiwa naye, uso kaelekeza dukani. Jumwa akampa mama yake ile picha mbele ya abiria wote. Bibi akaishika kwa mikono miwili. Akaitazama wakati utingo anapandisha magunia, akaitazama wakati dereva anapiga honi, na hakuna aliyeweza kumwambia ageuze uso. Alipotosheka akasema kwa sauti ya kufika upande wetu:

"Kumbe ni mzuri! Miaka yote hii nimekuwa nikimlilia binti yangu bure."

Watu walicheka mpaka basi likatikisika. Gershom hakucheka. Alilia waziwazi palepale, bila kujifuta, mpaka basi lilipoondoka.